Kompyuta Zinazosafishwa Shaabani

Brashi ya rangi iliyomo kwenye droo ya chini, mkono wa kushoto wa meza niliyokuwa nikikaa, haijapata kugusa rangi tangu iliponunuliwa. Ni ya vumbi, na nimeiacha makusudi. Idrisa, anayekaa hapo sasa, ameshaniuliza kama aitupe, nikamwambia asubiri kwanza nimalize kuandika haya, halafu ataamua mwenyewe. Nimestaafu tu, sijafa, na bado naweza kupita karakanani kutazama kama ipo.

Mmetaka, nyinyi mafundi niliowaacha karakanani, niwaandikie mambo ya kazini. Vyeo sina cha kusimulia, na mshahara mnaujua, maana sasa mnaupokea nyinyi. Nitaandika juu ya swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote katika miaka yangu ya kutengeneza kompyuta za watu hapa Unguja: je, nitie ile programu ya kusafisha rejista? Jibu ni hapana, na lingeweza kuishia hapo. Lakini wateja hawaridhiki na neno moja, na nyinyi pia naona hamridhiki, kwa sababu juzi nilipopita nilimkuta mmoja wenu anaitia kwenye kompyuta ya mteja huku anapiga mluzi. Basi itabidi nianze mbali.

Nilianza kazi kwa Fundi Haroub, nyuma ya soko la Darajani, kwenye chumba kilichokuwa na mlango mmoja na feni isiyozunguka. Yeye alikuwa fundi wa redio, kisha wa televisheni, na kompyuta zilipoingia mjini alizipokea vilevile, bila ya hofu na bila ya mapenzi. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Siku ya kwanza alinipa kompyuta ya ofisi moja iliyokuwa haiwaki, na mwenyewe, karani mmoja mnene, amekaa pembeni anangoja. Nikaikimbilia bisibisi.

"Ushamuuliza?" akasema Fundi Haroub.

"Nimuulize nani?"

"Mwenyewe huyo hapo. Muulize jana ilikuwaje, nani kaigusa, kimetiwa nini, kimetolewa nini. Bisibisi haina pa kwenda."

Nikamuuliza. Karani akasema umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na pakatoka harufu ya nyama. Tulipofungua tulimkuta mjusi kafiri amekauka juu ya kile kiboksi cha umeme, amejinyoosha kutoka upande mmoja hadi wa pili. Fundi Haroub alimtoa kwa brashi ya rangi, taratibu, kama anayemsitiri. Siku hiyo ndipo nilipojua kazi ya brashi ile. Kompyuta za mji huu huliwa na vumbi la chokaa, na chumvi ya baharini, na mijusi, na sisimizi wanaoingia kwenye kibodi za watu wanaoandika huku wanakula halua. Hayo yote huonekana kwa macho na hutolewa kwa mkono, na mpaka leo ndiyo sababu ya nusu ya kompyuta zinazoletwa kwenu.

Baada ya muda Fundi Haroub akaanza kunipeleka majumbani. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia kwenye nyumba, na mara nyingi anayekuwepo ni mwanamke peke yake, mume yuko kazini au Maskati, na fundi wa kiume haingii ndani hivihivi. Mimi niliingia. Nimetengeneza kompyuta vyumbani, majikoni, na moja juu ya friza la samaki. Nimevua viatu kwenye milango ya Ng'ambo nzima, na chai ya maziwa niliyonyweshwa ndiyo iliyonipa sukari ninayoinywea dawa hivi sasa.

Huko majumbani nilijifunza kwamba kompyuta ya nyumbani ni mnyama mwengine kabisa. Ile ya ofisini ina kazi moja na bwana mmoja. Ya nyumbani kila mtu ametia chake: mtoto ametia michezo, baba ametia programu ya vipimo vya nyumba anayoijenga Mbweni, mama ametia mishono ya magauni, na mjomba aliyekuja likizo ametia kitu ambacho hakuna anayejua ni nini na kila mtu anaogopa kukitoa. Kila kimoja kina mwenyewe, hata kama mwenyewe huyo hayupo.

Na huko ndiko nilikoujua msimu wa Shaabani. Hili si lazima niwaeleze, lakini nitaliandika, kwa sababu mafundi wa bara niliowahi kuzungumza nao hawana msimu huu na walinicheka. Sisi, Ramadhani inapokaribia, nyumba hugeuzwa juu chini. Mapazia hufuliwa, magodoro huanikwa, masufuria husuguliwa mpaka yang'are, kuta hupigwa chokaa. Kompyuta zilipoingia nyumbani nazo zikaingizwa kwenye usafi. Simu zilikuwa zikianza mara tu Rajabu inapomalizika: "Bi Raya, njoo nisafishie na hii, mwezi unaingia." Miaka ya mwanzo hakukuwa na ubaya. Nilikwenda na brashi yangu, kitambaa na spiriti, nikatoa vumbi, nikapewa chai.

Halafu zikaja programu za kusafisha, na usafi ukahamia mahali pasipoonekana.

Rejista ni nini? Mteja akikuuliza usimtie kwenye istilahi. Mwambie hivi: ndani ya Windows kuna mahali inapoweka kumbukumbu ya kila kitu kiko wapi na kinataka kutumiwa vipi. Printa iko upande gani, picha zifunguliwe na nani, sauti itoke wapi. Kila programu inayoingia hujiandikisha humo, na nyingi zikiondoka husahau kufuta maelezo yao yote. Kwa hiyo ni kweli, mabaki yamo. Programu ya kusafisha hupita ikayakusanya, ikayapaka wekundu, ikayaita makosa. Mama wa nyumba anaonyeshwa mamia ya makosa ndani ya nyumba yake, na Ramadhani wiki ijayo. Nani atakaa kimya? Anabonyeza, kile kijistari kinakwenda, makosa yanakuwa sufuri, roho inatulia. Kilichotulia ni roho tu. Mabaki yale hayana uzito, na kompyuta haiyapitii yote kila inapofanya kazi. Inakwenda moja kwa moja kwenye inalolitaka, mengine inayapita.

Fundi Haroub alikuwa hapendi kubishana, alipenda kuonyesha. Mteja wetu mmoja, muuza dawa za hospitali, alishikilia kwamba kompyuta yake imekuwa nyepesi tangu aitie programu hiyo. Karakanani tulikuwa na kompyuta mbili za skuli moja, zimenunuliwa pamoja na zimetiwa vitu vilevile. Fundi Haroub akaisafisha moja kwa programu ya bwana yule, nyingine akaiacha na takataka zake. Akaziweka mezani sambamba, akaziwasha kwa pamoja, akaagiza kahawa. Tukazitazama. Muuza dawa akasema ya kushoto ndiyo nyepesi. Fundi Haroub akamwambia ya kushoto ndiyo haikuguswa. Muuza dawa akanywa kahawa yake, akasema kwamba sasa akiangalia vizuri ni ya kulia. Akaondoka na programu yake, na urafiki haukuvunjika.

Kwa hivyo kwa watu wengi programu hizi hazifai kitu wala hazidhuru. Ndiyo maana ni vigumu kuwaeleza. Mtu ameitumia Shaabani tatu, hakuna lililotokea, anakuona wewe ndiye mwenye wivu. Huwa nawasimulia habari ya Bi Zuwena, na nyinyi sasa nitawasimulia yote, maana Idrisa anaijua nusu tu, tena ile nusu aliyokuwa kwenye simu.

Bi Zuwena anakaa Mkunazini, ghorofa ya juu. Alikuwa mwalimu wa skuli mpaka presha ya macho ilipomtia giza, kwanza jicho moja kisha la pili. Kila Ramadhani baada ya alasiri wanawake walikuwa wakikusanyika kwake kwa darsa, na alipopofuka hakuacha. Mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha wasioona alimletea kompyuta ya mezani yenye programu ya kusoma kwa sauti. Unaandika, inakusomea. Sauti yenyewe ilikuwa ya kigeni, imetengenezwa kwa Kiingereza, na Bi Zuwena akaitia Kiswahili hivyohivyo. Ilisoma kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni. Hakuna aliyeielewa isipokuwa yeye, na yeye aliizoea akawa anaizidishia kasi mwaka hadi mwaka, mpaka mimi nilikuwa nasikia mvumo tu. Alikuwa akiiita "Mzungu wangu".

Mwaka mzima aliandika darsa zake, vidole vyote kumi vinakwenda. Ramadhani ikifika alikaa kwenye mkeka, mgongo kwenye pazia la chumba ilimo kompyuta. Waya ulipita chini ya pazia, ukapanda mgongoni, ukaingia ndani ya ushungi mpaka kwenye sikio moja. Mzungu alimsomea sikioni, na yeye akayasema yale kwa wanawake kwa maneno yake na sauti yake, bila ya kusita. Mkononi alikuwa na kidude cha kumsimamisha na kumwendesha. Wanawake walikuwa wakija mpaka kutoka Mbweni. Bi Zuwena aliamini kwamba hakuna anayejua habari ya waya ule. Mimi nilijua kwa sababu ndiye niliyeurefusha.

Shaabani ya mwaka juzi nikapigiwa simu na Nassra, binti yake wa pekee, anayekaa na mumewe Mbweni.

"Bi Raya, kompyuta ya mama imenyamaza. Lakini usijitese nayo. Ikiwa imekufa imekufa."

"Hiyo mpaka niione, Nassra."

"Mie naona bora mama apumzike. Nshazungumza na mwalimu mwengine, yuko tayari kuishika darsa. Wewe mwambie tu kwamba haitengenezeki, wewe atakusikiliza."

Kwa hiyo nilijua kabla ya kutoka kwamba siitwi kutengeneza. Naitwa kuthibitisha kifo. Sikufurahi, lakini sikusema kitu, nikachukua mkoba wangu na brashi.

Ngazi zilikuwa zinanuka sabuni na chokaa mbichi. Nyumba inang'ara kutoka mlangoni. Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, mikono mapajani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, lakini tazama meza, wameihamisha. Mie nshaitafuta kwa goti."

Nassra alikuwapo. Alikuja na wafanyakazi wake wa nyumbani, akaisafisha nyumba ya mama yake pembe zote, na niseme kweli, alifanya kwa mapenzi, maana hata taa za ngazini alizifuta. Fimbo ya mama yake aliipachika vizuri nyuma ya mlango. Makopo ya jikoni aliyabadilisha yote akaleta mapya yanayofanana.

"Chumvi wameitia kwenye kopo zuri," Bi Zuwena akaniambia. "Zuri, naambiwa. Chai ya asubuhi ndiyo iliyonionyesha liko wapi."

Nikavuta kiti, nikafanya kama nilivyofundishwa. Bisibisi haina pa kwenda. Nikauliza jana ilikuwaje, nani kaigusa, kimetiwa nini, kimetolewa nini. Nassra akanieleza bila ya kuficha, kwa sababu hakuona la kuficha. Alipomaliza ukumbi na jiko akaingia chumbani, akaifuta kompyuta kwa kitambaa, kisha akaona na ndani yake ni uchafu vilevile. Akatafuta programu kwenye mtandao, ile yenye picha ya ufagio, ikatazama, ikamwonyesha makosa tele, akabonyeza futa yote. Kompyuta ikajizima na kujiwasha. Tangu hapo haikusema.

"Yalikuwa mambo ya zamani tu, mama," Nassra akasema. "Vitu visivyo na kazi."

"Nani kakwambia havina kazi?"

"Programu ndiyo iliyosema."

"Hiyo programu imekaa humu ndani lini, hata ikajua cha kutupa?"

Katika kazi yangu yote sijapata kusikia jibu la swali la rejista lililo bora kuliko hilo, na nimekuwa nikilitumia kwa wateja bila ya kumtaja mwenyewe.

Niliiwasha. Programu ya kusoma iliwaka, ikatoa ujumbe kwenye skrini kwamba haina sauti ya kutumia. Ujumbe ule ulikuwa wa maandishi, na mwenye kompyuta haoni. Sauti ya Mzungu ilikuwa ya zamani mno, imejiandikisha kwenye rejista kwa namna ambayo ufagio ule haukuitambua, ukaihesabu ni baki. Nikampigia simu Idrisa karakanani kumuuliza kama tunayo diski ya sauti ya aina hiyo.

"Haipatikani hiyo tena, Bi Raya. Piga Windows upya tu, tumalize."

Idrisa, sikulaumu. Kupiga Windows upya, kuifuta yote na kuitia tena, ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa, na mara nyingi mgonjwa hupona. Lakini ningeipiga upya, Mzungu angeondoka moja kwa moja, maana diski aliyokuja nayo ilishapotea na waliomtengeneza hawapo. Nassra akaona njia. Akatoa simu yake, akatafuta sauti mpya ya kisasa, inayosoma Kiswahili safi kama mtangazaji wa redio, akaiweka mbele ya mama yake. Bi Zuwena akaisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Anasema vizuri," akasema. "Lakini nikimsikiliza huyu, mie nnakaa kimya. Mzungu wangu nnamsikia huku nnasema. Na huyu nitamzoea lini, nawe Ramadhani unaiona hiyo mlangoni?"

"Ndo nikasema upumzike mwaka huu, mama."

"Nshakusikia, Nassra. Nikipumzika mwaka huu, mwakani watu watakuwa wamezoea kwengine. Mie sina tena la kufanya litakalowaleta watu juu ya ngazi hizi."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya samaki. Nassra akatazama dirishani. Mimi nikageukia kompyuta, kwa sababu ndicho nilichokuwa na kazi nacho.

Sasa yasikilizeni haya kifundi. Ufagio hufuta maelezo, haufuti kitu chenyewe. Nikaingia kwenye diski, nikakuta folda ya Mzungu ipo nzima, hakuna lililopungua. Yeye yumo nyumbani, ila hakuna anayejua chumba chake. Nikajaribu kuirudisha kompyuta nyuma, kwa ile njia ya Windows ya kurejea siku iliyopita, nikakuta hakuna pa kurejea. Ufagio ulizihesabu kumbukumbu za kurejea nazo kuwa ni takataka. Ilibaki njia moja. Windows za zamani zile zilikuwa na tabia ya kuweka nakala ya rejista nzima kando, kwenye folda iliyojificha, na kuibadilisha kila baada ya muda kompyuta inapokuwa inawaka. Kama ingekuwa imeachwa inawaka tangu siku ya usafi, nakala nzuri ingeshafunikwa na mbovu.

Nikamuuliza Bi Zuwena kama aliiacha inawaka.

"Niiache ya nini? Kitu hakisemi. Nlibonyeza, nkaisikiliza, haisemi, nkaizima."

Nakala ilikuwa ya kabla ya usafi. Kwanza nikainakili rejista kama ilivyo, pamoja na ubovu wake, kwenye flashi, kwa sababu hata kitu kibovu usikiguse kabla hujakiwekea nakala. Kisha nikaifungua ile nakala ya zamani pembeni, bila ya kuibadilisha ya sasa yote, nikatafuta jina la sauti, nikalichukua tawi lile la maelezo yake peke yake nikalirudisha mahali pake. Nikaizima, nikaiwasha.

Ikasema.

Bi Zuwena akainamisha kichwa, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Huyu siye."

"Ndiye, Bi Zuwena. Jina ndilo lilelile."

"Jina ndilo. Huyu anasinzia."

Kasi ilikuwa imerudi ya kiwandani. Nikaanza kuipandisha. Nikapandisha, naye akasema bado. Nikapandisha tena, akasema bado. Mimi nilishaacha kuelewa zamani, na Nassra alikuwa amekunja uso. Nikaendelea mpaka ikawa mvumo mtupu, na Bi Zuwena akainua mkono.

"Hapo. Huyo sasa."

Akanyoosha vidole, akaanza kubonyeza, akatafuta alichokitaka, akakisikiliza. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliyopewa saa ya kustaafu. Nassra akasogea.

"Anasema nini?"

"Anasoma darsa ya kwanza ya mwaka huu."

"Ya nini?"

"Njoo usikilize siku yenyewe. Lini ulikuja mara ya mwisho?"

Nassra akasema jambo jengine, na nadhani ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu asubuhi. "Na ikinyamaza tena, mama? Ikinyamaza mbele za watu wote, wewe umekaa hapo katikati, utafanyaje?"

"Ikinyamaza, itakuwa imenyamaza," akasema Bi Zuwena.

Nikauondoa ule ufagio kwenye kompyuta. Nikaitoa na sapulai, kile kiboksi cha umeme, nikaifungua, nikapiga brashi yangu ya rangi ndani, maana Shaabani ni Shaabani. Kabla sijaondoka nilimwona Nassra anairudisha meza mahali pake pa zamani, kisha akaichukua fimbo nyuma ya mlango akaiegemeza kwenye kiti. Chumvi sijui.

Darsa ya kwanza nilikwenda. Sikwenda kwa kazi, nilikwenda kama watu wengine, nikakaa nyuma. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Nassra alikuja na gauni la ofisini, akakaa karibu yangu, ushungi ameukunjakunja vidoleni. Bi Zuwena alikaa mgongo kwenye pazia kama kawaida yake, akaanza. Somo lilikuwa haki za jirani. Alilianza kwa mwanamke aliyepika, harufu ya chungu chake ikavuka ukuta, naye akajua kwamba upande wa pili hakuna moto uliowashwa. Akatia chakula kwenye bakuli, akafunika kawa, akatoka, akabisha hodi, jirani hajaitika.

Hapo feni ya dari ikaanza kupunguza mwendo. Kwa mtu mwengine ni umeme tu umekatika, mjini hapa si habari. Mimi nilijua kilichokatika nyuma ya pazia. Bi Zuwena alinyamaza katikati ya sentensi. Feni ikasimama. Nilishikwa na hofu ya kweli, na Nassra akanishika mkono, akaubana.

Bi Zuwena alitia mkono chini ya ushungi, akautoa waya sikioni, mbele ya watu wote, akauweka pajani.

"Mzungu wangu umeme umemchukua," akasema. "Nlikuwa nimefika wapi?"

Hakuna aliyeushangaa ule waya. Bibi mmoja mtu mzima aliyekaa mbele alisema, "Tuliiona feni, Bi, tukajua naye kakatika." Wengine wakacheka kidogo, kwa upole, na nikafahamu kwamba waya ule walikuwa wakiujua miaka yote, pengine kabla sijaurefusha.

Lakini swali lilikuwa bado halijajibiwa, na yeye alikuwa anangoja, uso ameuinua.

"Ulikuwa umefika mlangoni kwa jirani, mama," akasema Nassra kutoka nyuma. "Una bakuli mkononi. Umebisha hodi, hajaitika."

Bi Zuwena aligeuza uso upande ilikotoka sauti.

"Hapohapo," akasema. "Hajaitika." Akaendelea kutoka pale mpaka mwisho wa darsa, mara mbili akauliza tena alipofika, na mara zote mbili aliambiwa.

Siku ya pili umeme ulikuwapo, na Mzungu alikuwa kazini. Nassra alikuwa ameshafika kabla yangu. Amekaa mkekani pembeni ya mama yake, upande wa sikio lisilo na waya.